Je, Wajua? Swichi na Nobu za Gitaa la Umeme

Je, wajua kwamba lipo gitaa lenye pikapu moja tu, yaani ile sumaku yenye waya inayonasa mtetemo wa nyuzi, na bado likafungwa swichi ya kuchagulia pikapu yenye hatua tatu? Linaitwa Esquire, na kampuni ya Fender ya California ilianza kuliuza mwaka 1950. Ukilishika mara ya kwanza utadhani pikapu ya pili imeng'olewa na mwizi. Hata ukifungua kile kibao kilicho chini ya nyuzi, mara nyingi utakuta tundu la pikapu ya pili limeshachongwa kwenye mbao, tupu. Sababu ni ya kiwandani: mwili ni uleule wa ndugu yake Telecaster, na bamba la chuma linaloshika swichi na nobu ni lilelile pia. Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni hiyo, hakutaka kutengeneza vitu viwili pale ambapo kimoja kingetosha.

Lakini swichi hakuiacha ikae bure. Ukiivuta nyuma, umeme wa pikapu unapita kwenye nobu ya sauti peke yake na kuiruka nobu ya toni, hivyo gitaa linalia kwa ukali wote lilio nao. Ukiiweka katikati, toni inaingia kazini. Ukiisukuma mbele, umeme unapitishwa kwenye kapasita inayomeza sauti za juu, na gitaa linabaki na mlio mzito uliofunikwa. Kwa hiyo swichi haichagui pikapu, inachagua njia ya umeme. Leo Fender alikuwa fundi redio mjini Fullerton kabla ya kuwa mtengenezaji wa magitaa, na hakujua kupiga gitaa hata wimbo mmoja. Hapo ndipo utamwona fundi redio akifikiri: kazi ya swichi ni kugeuza saketi, basi.

Hata Telecaster yenyewe, yenye pikapu mbili kamili, kwa miaka mingi iliwanyima wapigaji jambo ambalo leo tunaliona la kawaida. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1952 hadi 1967, swichi yake ilikuwa na pikapu ya shingoni iliyofunikwa na kapasita upande mmoja, pikapu ileile ya shingoni bila kapasita katikati, na pikapu ya darajani upande wa pili. Hatua ya kuziunganisha zote mbili haikuwepo. Aliyeutaka mchanganyiko huo alilazimika kufungua bamba na kulehemu waya upya. Fender waliuweka kiwandani mwaka 1967, baada ya wapigaji wengi kuwa wameshajifanyia.

Kwa nini pikapu mbili zenye sumaku na waya wa aina moja zilie tofauti, eti kwa sababu moja iko shingoni na nyingine darajani? Waangalie watoto wakizungusha kamba ya kuruka: katikati inapanda na kushuka sana, mikononi mwao haisogei. Uzi wa gitaa ni hivyohivyo. Karibu na daraja hauna nafasi ya kuyumba, kwa hiyo sauti ya msingi inayoubeba wimbo inafika pale ikiwa dhaifu, huku zile sauti ndogondogo za juu, ambazo huukata uzi vipande vifupivifupi, zikibaki na nguvu. Ndiyo maana pikapu ya darajani inalia nyembamba na yenye makali, na ya shingoni inalia nene na ya duara.

Wapo wauzaji watakaokuambia kwamba pikapu ya shingoni lazima ikae pale ambapo freti ya 24 ingekuwa, yaani robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, kwa sababu mahali pale ni patakatifu. Kwenye gitaa la Fender lenye uzi wa milimita 648, robo hiyo ni milimita 162. Hesabu ni sahihi, ila inahusu uzi uliopigwa mtupu. Ukibana freti ya tatu tu, uzi umefupika, robo yake imehama, na pikapu imebaki palepale. Utakatifu wenyewe unadumu hadi kidole kinapogusa uzi.

Kampuni ya Gibson ilikuwa na fikra nyingine. Je, wajua kwamba ES-5 yao ya mwaka 1949 ilikuwa na pikapu tatu na haikuwa na swichi hata moja? Kila pikapu ilipewa nobu yake ya sauti, na juu yake ikaongezwa nobu moja ya toni. Aliyetaka kuhama kutoka mlio mmoja kwenda mwingine katikati ya wimbo alitakiwa kuzungusha nobu tatu, kana kwamba ana mkono wa tatu. T-Bone Walker, mmoja wa mababa wa bluzi ya umeme, alilipiga gitaa hilo na kulitikisa jukwaani bila shida, lakini wengi hawakuwa T-Bone Walker. Mwaka 1955 Gibson walisalimu amri wakatoa toleo lenye swichi, na jina lenyewe likatangaza kilichobadilika: Switchmaster.

Gitaa lao jingine, Les Paul la mwaka 1952, lilikuwa limeshaonyesha njia. Swichi yake iko juu, upande wa bega, mbali kabisa na nobu nne zilizo chini. Kuifikisha pale si kazi ndogo: waya unatoka kwenye tundu la nobu, unapita katika mfereji mrefu uliochimbwa ndani ya mbao, unapanda hadi begani, halafu unarudi. Chini ya swichi kuna kipande cha mviringo cha plastiki kilichoandikwa maneno mawili ya Kiingereza, moja la kusindikiza na jingine la ukali. Ukiielekeza juu unapata pikapu ya shingoni ya kuwasindikiza wenzako, ukiielekeza chini unapata ya darajani, zamu yako ya kung'ara imefika. Wazo lilikuwa kwamba mtu mmoja atafanya kazi zote mbili, na swichi itamwambia yuko kwenye kazi ipi.

Kwenye bendi za dansi za Dar es Salaam, na za Wakongo waliowatangulia, kazi hizo ziligawiwa watu. Kulikuwa na mpiga solo, mara nyingi na solo ya pili, mpiga rithim na mpiga besi, kila mmoja na njia yake kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho wa chemko, ile sehemu yake ya kasi. Kwa mpangilio huo swichi ya begani haina haraka. Unachagua mlio wako kabla ya wimbo kuanza, unabaki nao.

Mtu aliyeipa swichi ya kuchagulia pikapu haraka isiyo ya kawaida ana asili ya Kenya. Tom Morello, mpiga gitaa wa Rage Against the Machine, alizaliwa New York mwaka 1964. Baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia aliyeiwakilisha Kenya katika Umoja wa Mataifa. Morello aligundua matumizi ya nobu mbili za sauti, moja kwa kila pikapu, ambazo wengi wanaziona ni mzigo. Pikapu moja unaifungulia hadi mwisho, nyingine unaifunga kabisa. Sasa swichi imekuwa ya kuwasha na kuzima: upande huu sauti, upande ule kimya. Ukiipigapiga haraka, noti moja ndefu inakatika vipande vinavyofuata mdundo wa ngoma. Katika "Bulls on Parade" ya mwaka 1996 alikwenda mbali zaidi. Mkono wa kushoto ulikuwa ukisugua nyuzi juu ya pikapu, wa kulia ukichezesha swichi, na kilichotoka kilifanana na DJ anayekwangua sahani ya santuri. Watu walitafuta mashine aliyotumia. Mashine yenyewe ni ileile swichi ya kuchagulia pikapu, ambayo bei yake haifikii hata seti chache za nyuzi.

Haki isemwe, hakuwa wa kwanza kuichezea. Pete Townshend wa The Who alikuwa ameipigapiga swichi ya Rickenbacker yake mwaka 1965 katika "Anyway, Anyhow, Anywhere", huku amplifaya ikipiga kelele, na sauti ikatoka kwa vituo kama ya simu ya maandishi ya zamani. Tofauti ni kwamba Morello aliigeuza kuwa njia ya kupiga midundo, akaishi nayo.

Sasa tufike kwenye gitaa ambalo mpangilio wake umeigwa kuliko yote. Stratocaster ya Fender ilitoka mwaka 1954 ikiwa na pikapu tatu, nobu tatu, na swichi ya wembe yenye hatua tatu. Pikapu tatu, hatua tatu: moja moja, hakuna kuchanganya. Lakini wapigaji waligundua kitu. Ukiisogeza swichi taratibu na kuisimamisha kati ya hatua mbili, vyuma vyake vinagusa pikapu mbili kwa wakati mmoja, na unatoka mlio ambao hakuna aliyeupanga: wenye kubana puani, wa kioo, unaolia kama unakatwa katikati. Shida ni kwamba swichi haikutengenezwa ikae hapo. Pigo moja la nguvu la mkono, na inaruka kurudi kwenye hatua yake. Wengine walilegeza springi yake ili itulie. Fender waliukubali ukweli huo mwaka 1977, miaka 23 baada ya gitaa kutoka, wakaanza kuifunga swichi yenye hatua tano. Mwaka uliofuata Mark Knopfler alitoa "Sultans of Swing", wimbo ulioufanya mlio huo ujulikane dunia nzima. Wapo wanaouita mlio wa pikapu zinazopingana, na wanakosea. Pikapu hizo zinavuta pamoja. Zingekuwa zinapingana, mlio ungekonda hadi ukaribie kukosa tumbo.

Hesabu kidogo kwa wapendao hesabu. Pikapu tatu zinaweza kuwashwa kwa namna saba. Swichi ya hatua tano inatoa tano. Mbili zinazokosekana ni ya shingoni pamoja na ya darajani, na zote tatu kwa mpigo. David Gilmour wa Pink Floyd alizipata kwa kuongeza swichi ndogo pembeni kwenye Stratocaster yake nyeusi, nayo ikawa inaiwasha pikapu ya shingoni wakati wowote. Gitaa hilo liliuzwa kwenye mnada mwaka 2019 kwa dola 3,975,000, pamoja na matundu yote aliyolitoboa.

Bado kwenye Stratocaster: nobu ya sauti iko karibu mno na nyuzi, na wapo wanaoilaani kwa sababu mkono unaigusa bila kutaka. Mimi niko upande wa wanaoisifu. Tazama mkono wa kulia wa anayeijua: kidole gumba na cha shahada vimeshika pleki, na kidole cha mwisho kimenyooka na kutulia kwenye ukingo wa nobu. Anaifunga, anagonga uzi kimyakimya, kisha anaifungua kwa kidole hichohicho. Lile pigo la mwanzo limepotea, sauti inaingia inapanda kama ya fidla. Fanya hivyo kwenye Les Paul na utajikuta umekunja kiganja kwa taabu. Kwa upande mwingine, nobu mbili za toni za Stratocaster zilifungwa kwenye pikapu ya shingoni na ya katikati, na pikapu ya darajani, ambayo ndiyo kali kuliko zote na ndiyo ingehitaji kupunguzwa makali, haikupewa yoyote. Kama kuna jambo la gitaa hili nisiloweza kulitetea, ni hilo.

Halafu kuna Jimi Hendrix, aliyekuwa mashoto. Alichukua Stratocaster ya mkono wa kulia, akaigeuza juu chini, akazipanga nyuzi upya ili uzi mnene ubaki juu. Kila mtu huona kwamba nobu na ule mkono wa kutetemesha nyuzi vilihamia juu. Wachache huona kilichotokea kwenye pikapu ya darajani. Fender waliifunga imelala mshazari: upande wa nyuzi nene uko mbali kidogo na daraja ili zilie kwa unene, na upande wa nyuzi nyembamba uko karibu zaidi. Gitaa likigeuzwa, mshazari unageuka nalo. Nyuzi nene za Hendrix zikawa zinasikilizwa karibu na daraja, zikakaza, na zile nyembamba zikapata unene kidogo. Mashoto anayenunua leo Stratocaster iliyotengenezwa rasmi kwa mkono wa kushoto haupati mlio huo, maana kiwandani wanaurekebisha mshazari.

Kijana mmoja wa Uingereza hakungoja kiwanda kimsaidie. Brian May alianza kutengeneza gitaa lake na baba yake Harold mwaka 1963, na shingo yake waliichonga kutoka kwenye mbao za meko kuukuu. Mapambo ya duara kwenye ubao wa vidole yalitokana na vifungo vya lulumizi vya kushonea nguo, na springi za daraja zilitoka kwenye pikipiki. Kilichonivutia mimi ni swichi. Kila pikapu kati ya tatu ilipewa mbili ndogo za kuteleza: moja ya kuiwasha au kuizima, ya pili ya kuugeuza mwelekeo wake wa umeme. Swichi sita kwa jumla, zimepangwa mistari miwili. Ukihesabu milio inayotofautiana kweli unapata 13: mitatu ya pikapu moja moja, sita ya mbili mbili, minne ya zote tatu. Pia pikapu zake zimeunganishwa kwa kufuatana, si kwa sambamba kama za Fender, kwa hiyo kila unayoiongeza inaongeza nguvu. Gitaa hilo ndilo linalosikika nyuma ya sauti ya mwimbaji wa bendi yake, Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. Swichi hizo sita hazina maandishi yoyote. May mwenyewe hakuyahitaji. Yeye ndiye aliyelehemu.

Viwanda vilipojaribu wingi wa swichi, mara nyingi mambo yaliharibika. Jazzmaster ya Fender, mwaka 1958, ililengwa kwa wapigaji wa jazi waliokaa kwenye viti. Begani iliwekewa swichi ya kuteleza inayohamia kwenye saketi ya pili yenye nobu zake mbili za kusukuma kwa kidole. Wajazi hawakuipenda sana, vijana wa muziki wa pwani ya California wakaichukua, na mkono wao uliokuwa ukipiga kwa kasi ukawa unaigonga ile swichi katikati ya wimbo. Ghafla mlio unazama. Hadi leo utakuta Jazzmaster na ndugu yake Jaguar wa mwaka 1962 wamebandikwa utepe wa kunata mahali hapo.

Italia walikuja na vitufe. Magitaa ya Eko, yaliyotengenezwa Recanati tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, yalikuwa na vitufe vya kubonyeza badala ya swichi, na mengine yalikuwa na pikapu nne. Miili yake ilifunikwa plastiki ya kumetameta. Anayekijua kinanda cha mkono, kile tunachokiita kodiani kwenye taarabu, atatambua mara moja: vitufe vya kubadilisha sauti na ngozi ya kumetameta ni vya kodiani. Eneo lile la Italia lilikuwa linaishi kwa kutengeneza kodiani, soko lilipogeukia gitaa mafundi wakahamisha walichokuwa nacho mezani.

Na je, wajua kwamba kwenye gitaa maarufu kuliko yote ya Eddie Van Halen, lile lenye mistari, nobu iliyoandikwa toni ni ya sauti? Alifunga moja tu, hiyo. Nyingine hakuzihitaji.

Tumalizie na jambo la mfukoni. Ukifungua gitaa la zamani la Kimarekani na kuzitazama voliumu zake, zile sahani za chuma zilizo chini ya nobu, utaona nambari zimegongwa pembeni. Tuseme umesoma 1376630. Tarakimu tatu za kwanza ni za mtengenezaji: 137 ni CTS, na ungekuta 304 ingekuwa Stackpole. Mbili zinazofuata ni mwaka, 1966, na mbili za mwisho ni wiki ya mwaka, ya 30. Nambari haikuambii gitaa lilikamilishwa lini, maana voliumu ziliweza kukaa ghalani. Inakuambia kwamba kama voliumu hiyo ndiyo ya asili, gitaa haliwezi kuwa la kabla ya Julai 1966. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba ni la 1962 na halijawahi kuguswa na fundi, mwombe bisibisi. Ukitazama ndani, angalia pia risasi ya kulehemu: ya kiwandani ya miaka hiyo imefifia rangi, na ya juzi bado inang'aa.